Ile video ya kidude kinachoongea nimeitoa

Kama ulikuwa unafuata peji yangu Desemba iliyopita, lazima unaikumbuka. Mpwa wangu ameketi kwa mkeka, anabonyeza kidude cha plastiki cha rangi ya samawati, kidude kinasema "traiango" kwa sauti ya Mmarekani, naye anarudia "twaiango". Mimi nasikika nikicheka nyuma ya simu. Chini yake nikaandika: akili ya mtoto inakua hata ukiwa bize. Hakuna kitu nimewahi kuweka hapa kikatazamwa kama hiyo video. Pia ndiyo ya kwanza kunilipa pesa ya kuonekana, shilingi 15,000, na kidude chenyewe juu.

Wiki jana niliitoa. Wasee wengi wameniuliza kwa inboksi kama nimekosana na kampuni. Sijakosana na mtu. Kilichotokea ni kwamba nilienda kliniki.

Nieleze kwanza mpangilio wa kwetu, kwa sababu bila huo hamtaelewa. Nilipoacha kampasi mwaka wa pili nilihamia kwa dadangu, Pipeline, ghorofa ya tano, chumba kimoja na pazia katikati. Yeye hutoka saa kumi na moja na nusu asubuhi kwenda kazini, anarudi saa moja jioni. Makubaliano ni rahisi: yeye analipa nyumba, mimi nashinda na mtoto. Kwa hivyo mkiona nimeweka video tatu kwa wiki, jueni kuna kijana wa miaka miwili na kitu chini ya hiyo meza ninayohariria. Na ili nihariri, nilitaka anyamaze. Kidude ndicho kilikuwa kinafanya hiyo kazi. Kinaimba, kinahesabu, kinawasha taa, kinasema "gudi jobu" akibonyeza kitu chochote, hata akikikalia. Mimi nimevaa hedifoni. Saa tano, saa sita zinaisha hivyo. Kingekuwa mtu ningekilipa mshahara.

Mwezi wa tatu dadangu akapata ofu, tukampeleka kliniki kwa ile vitamini A na dawa ya minyoo. Watu wengi huacha kwenda chanjo zikishaisha, kwa hivyo nilikuwa nimeketi kwa hiyo benchi nikijiona mjomba wa maana kweli. Nesi alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Akafungua kile kijitabu cha mama na mtoto, akafika sehemu ya hatua za ukuaji, akauliza kama anaunganisha maneno mawili. Kama "leta maji". Kama "mama kuja".

Tukaangaliana na dadangu. Mimi nikajitetea kwamba anahesabu mpaka kumi. Kwa Kizungu. Anajua rangi. Anajua twaiango.

"Sawa, mwanangu," nesi akasema, "lakini akitaka maji anakwambiaje?"

Anavuta suruali yangu. Anavuta mpaka tufike kwa mtungi, halafu ananyoosha kidole.

"Na ni nani hushinda naye?"

"Ni mimi."

"Huwa mnaongea nini?"

Manze, hilo swali. Mathe amewahi kuniuliza mbele ya wajomba wote kwa nini niliacha shule, na halikuniuma hivyo. Nilitafuta jibu nikakosa. Mimi huwa namwambia "wacha", "kuja", "shika", "kula". Basi. Maneno mengine yote kwa hiyo nyumba yalikuwa yanatoka kwa kidude.

Masikio yake yalipimwa, yako sawa. Tukaambiwa tumrudishe baada ya miezi mitatu, na kabla ya hapo tuongee naye. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Na kabla hamjajaa kwa komenti: sisemi kidude ndicho kilimchelewesha. Watoto huchelewa kuongea kwa sababu nyingi, na wengine huanza tu siku wakiwa tayari, halafu hawanyamazi tena. Nesi hakulaumu kidude, hata hakujua kama kipo. Ninachosema ni kwamba kwa siku ya huyo mtoto kulikuwa na nafasi ya mtu, na mimi niliiwekea betri tatu.

Usiku huo sikuhariri kitu. Nilisoma.

Kuna mtafiti anaitwa Anna Sosa, wa Northern Arizona University. Mwaka wa 2015 alichapisha utafiti kwenye jarida la JAMA Pediatrics. Alichukua wazazi 26 na watoto wao wa kati ya miezi 10 na 16, akawapelekea nyumbani aina tatu za vitu: vidude vya betri (laptopu ya mtoto, shamba linaloongea, simu ya mtoto), vitu vya kawaida visivyo na betri kama vipande vya mbao vya kupanga, na vitabu vya picha. Halafu akarekodi sauti wakicheza. Wakiwa na vitabu, wazazi walisema kama maneno 67 kwa dakika. Wakiwa na vile vya kawaida, kama 56. Wakiwa na vidude vya betri, kama 40. Yaani kidude kikianza kuongea, mzazi anakiachia jukwaa. Na mtoto naye haongei sana na mashine, kwa sababu mashine haimngojei. Haimtazami mdomo. Haimuulizi "ati?"

Ni watu wachache, najua, na si watu wa Pipeline. Lakini nilijiona hapo vizuri sana. Tena wale wazazi walikuwa wameketi na watoto na wanajua wanarekodiwa. Mimi nilikuwa na hedifoni.

Desemba 2018, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa mwongozo mzima wa kuchagua vitu vya kuchezea. Kwa ufupi: vile bora ni vile rahisi, vinavyofanya mtu mzima na mtoto wacheze pamoja, na yale matangazo ya kwamba kidude fulani kinakuza akili mara nyingi hayana ushahidi. Nilisoma hapo mara mbili. Hayo matangazo mimi ndiye nilikuwa nayaandika.

Lakini iliyonimaliza kabisa ni ya Jamaika. Mwaka wa 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti walichukua watoto 129 wa mitaa maskini, wa miezi 9 hadi 24, waliokuwa wamedumaa. Baadhi yao wakawa wanatembelewa nyumbani saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Anayekuja si daktari, ni mhudumu wa afya wa mtaani. Anakuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono, kwa vitu ambavyo watu hutupa. Anaketi chini na mama, wanacheza na mtoto, mama anaona jinsi ya kuongea naye wakicheza. Saa moja imeisha, anaenda. Miaka 20 baadaye wakatafutwa wakiwa watu wazima. Wale waliotembelewa walikuwa wanapata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa na hawakutembelewa. Ilichapishwa kwenye jarida la Science mwaka wa 2014.

Asilimia 25. Kwa takataka na saa moja ya mtu kuketi sakafuni.

Tangu hapo swali langu kwa kitu chochote cha kuchezea limekuwa moja: mtoto asipokifanyia kitu, chenyewe kinafanya nini? Kama kinafanya mengi, mtoto amegeuzwa mtazamaji. Kipande cha mbao hakifanyi chochote mpaka mtoto aamue ni gari, na kesho aamue ni simu, na kesho kutwa akipige nacho kichwani mwa mjomba wake. Kazi yote ni yake. Mtoto wa miezi sita anataka kitu cha kushika, kutikisa na kutia mdomoni. Wa mwaka mmoja anataka kutia vitu ndani ya sufuria na kuvitoa, kutia na kutoa, mpaka wewe uchoke. Huyu wetu, akielekea miaka mitatu, anataka kujifanya: kujifanya anapika, anaendesha matatu, anakemea mtu.

Na si lazima viwe vingi. Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichunguza watoto 36 wadogo, mara wakiwa na vitu vinne vya kuchezea, mara wakiwa na kumi na sita. Wakiwa na vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu na wakakichezea kwa njia nyingi zaidi. Mimi nilifikiri nawanyima watoto nikinunua kitu kimoja Krismasi.

Sasa hapa ndipo watu wa miaka arobaini huingia na hadithi yao: sisi tulicheza kati, bano, brikicho, kalongolongo, tulitengeneza magari ya waya, magurudumu tukakata kwa slipas zilizoisha, na tuko sawa. Naheshimu. Lakini njoo Pipeline unionyeshe huo uwanja. Hapa watoto wanachezea kwa ngazi na kwa korido, nguo zikiwadondokea maji, na hakuna mzazi anayemwachilia wa miaka miwili ashuke peke yake ghorofa tano. Hata ule mpira wa karatasi na kamba, karatasi zenyewe zilipigwa marufuku 28 Agosti 2017. Nakubali zilikuwa zinaziba mitaro. Nasema tu kizazi changu ndicho kilifunga huo ukurasa, na hakuna aliyekuja kuuliza watoto watacheza na nini. Kwa hivyo mtu akiwa na kidude cha betri ndani ya nyumba, mimi simcheki. Amefungiwa na mtoto ndani ya futi kumi kwa kumi. Mimi pia.

Ninachojaribu ni hiki. Asubuhi kabla sijafungua kompyuta, dakika arobaini sakafuni. Baada ya chakula cha mchana, arobaini tena. Simu iko juu ya kabati, hedifoni kwa begi. Vitu vyetu ni hivi: boksi la unga, mkebe wa Kimbo, vifuniko vikubwa vya mikebe, sufuria ndogo, mwiko ambao dadangu anaudai mpaka leo, mpira wa soksi, na mwanasesere niliyemshona kwa soksi nyingine. Kuhusu huyo mwanasesere, jirani alicheka sana, ati mvulana analea. Cheka tu. Siku ya pili nilisikia mtoto akimwambia huyo wa soksi, kwa hasira, kidole juu: "Wacha! Wacha! Kula!" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Maneno yote niliyompa, akayarudisha yakiwa yamepangwa vilevile. Hakuna chombo cha betri kingeniambia hivyo.

Nisiwadanganye, inachosha. Watu huandika kucheza na mtoto kana kwamba ni raha tupu. Kununua kifuniko kilekile mara ishirini kwa duka lilelile si raha, na mara ya kumi unaanza kufikiria hariri zako. Lakini duka ndilo lilitufungulia. Yeye ni mwenye duka, mimi ni mteja. Nilikuwa nasema kila kitu kwa sauti kama mwendawazimu: naomba kifuniko chekundu, ni pesa ngapi, ngoja nitume. Boksi tupu la kiberiti ndilo simu. Wiki ya tatu nikajisahau, nikachukua kifuniko bila kulipa. Akanishika mkono, akanielekezea lile boksi la kiberiti, akasema: "Anko tuma."

Maneno mawili. Nilimpigia dadangu kazini, na si kawaida yetu kupigiana.

Kitu kingine, hiki ni cha haraka lakini msikiruke. Nilianza na vifuniko vya chupa za soda, nikiwa nimekusanya kama hamsini, najiona mbunifu. Halafu nikasoma kuhusu jaribio la ile bomba ya kadibodi inayobaki tishu ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vifuniko vyangu vyote hamsini vilipita. Vikaenda kwa taka siku hiyohiyo. Kwa hivyo "kitu cha kienyeji" hakimaanishi ni salama. Angalia macho ya mdoli kama yanang'oka, angalia rangi kama inabanduka, kamba ndefu zinazoweza kujifunga shingoni. Na ile betri ndogo ya duara, kama kifungo, iogope kuliko vyote. Mtoto akiimeza na ikwame kooni inaweza kumchoma ndani kwa saa mbili tu. Ukishuku amemeza, usingoje uone kama itatoka, kimbia hospitali. Kidude ambacho kifuniko chake cha betri hakina skrubu, kiache dukani.

Na kwa upande ule mwingine, msiibiwe na watu wa mbao. Kuna maduka kwa mol yanauza vipande vya mbao kumi kwa elfu sita, kisa vimeandikwa Montessori na ni rangi ya kahawia. Mbao ni mbao. Fundi wa vitanda ana mabaki mengi anayotaka kuchoma. Mimi nilimwomba, akanikatia kumi na mbili, nikalipa 100 na msasa nikapiga mwenyewe jioni nzima.

Sasa ile ya kampuni. Walirudi mwezi wa tano. Wanaleta kidude kipya, chenye skrini safari hii, wanataka video mbili na mtoto akiwa ndani, na wanatoa 40,000. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni pesa. Kwangu ni miezi kadhaa ya kuacha kuitwa mzigo, ingawa dadangu hajawahi kutumia hilo neno. Niliwauliza kama naweza kusema kwenye video kwamba mtu mzima akae na mtoto akikitumia. Wakasema ujumbe wao ni kwamba mzazi apate kupumzika. Na si kwamba ni watu wabaya. Wameona vizuri, wazazi wamechoka. Dadangu husimama masaa kumi na mbili, akifika nyumbani anataka kuketi tu. Lakini Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya skrini, na wa miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni vizuri zaidi. Na sura ingekuwa ya mpwa wangu, yule ambaye bado tunarudi kliniki naye. Nikakataa.

Nilidhani dadangu atanikumbatia. Alinyamaza, akakunja nguo tatu nne, akaniuliza, "Na hizo maadili zako ndizo zitalipa stima?"

Sina jibu la maana kwa hilo. Stima tumenunua ya shilingi 200 jana. Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini baada ya kula niliona ameketi pale chini, viatu vya kazi bado mguuni, ananunua kifuniko.

Kwa wale mlionunua kile kidude kwa sababu yangu, na najua mko, kuna mmoja alinitumia picha ya mtoto wake akiwa nacho: sikuambii ukitupe, pesa yako si ya kuchoma. Kaza skrubu ya betri. Zima sauti, au toa betri kabisa, halafu keti naye umwambie wewe mwenyewe hiyo ni rangi gani, kwa lugha mnayoongea nyumbani. Na kama wewe huna mtoto lakini ni anko au anti wa Krismasi, kama nilivyokuwa, nenda na kitu kidogo na ukae saa nzima.

Changu hakina betri sa hii. Jana kilikuwa kaunta ya duka. Niliambiwa sukari imeisha, nije kesho.